Polisi Gari Na. 3

Printa ilijiwasha yenyewe saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumamosi, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kuiamrisha isipokuwa Kiberiti, ambaye mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya beseni la vyombo.

Kwanza ilikohoa. Kisha ikavuta karatasi kwa ule mlio wake wa mzee mwenye mafua, ikanong'ona kushoto, ikanong'ona kulia, ikatema ukurasa mmoja na kunyamaza kama mtu aliyekwisha kusema lake.

Kiberiti alisimama mlangoni mwa jikoni, mapovu yakimdondoka viwikoni. Huyu alikuwa msichana wa kidato cha tatu, mwana wa bweni kwa miezi tisa ya mwaka, aliyewahi kumfungia mwalimu wa zamu ndani ya stoo ya mipira kisha akajiunga na msafara wa kumtafuta, tena kwa sura ya majonzi. Hakuwa mtu wa kutishwa na mashine. Hata hivyo alibaki pale mlangoni kwa muda ambao, kwa kulinda heshima yake, hautatajwa.

Mwishowe alisogea na kusoma. Ukurasa ulikuwa mweupe wote, ila mistari miwili katikati:

"Swali la 17. Jibu sahihi halimo kati ya manne yaliyotolewa. Rekebisha."

Ndani ya nyumba hiyo yalikuwapo maswali yaliyopewa namba, lakini hapakuwa na kiumbe aliyepaswa kuyajua zaidi ya mmoja, na huyo mmoja wakati huo alikuwa kliniki akipimwa presha.

Mama yake Kiberiti alikuwa mwalimu wa hesabu. Muhula ule kamati ilimchagua atunge mtihani wa pamoja wa darasa la mwisho la msingi, shule arobaini na mbili, karatasi moja. Alikula kiapo na kutia sahihi mbele ya watu watano: mtihani ukivuja kabla ya siku yake, kazi hana, na anaweza kufikishwa mahakamani. Tangu hapo chumba chake kilikuwa hakiingiliki. Aliziba upenyo wa chini ya mlango kwa taulo. Kiberiti alipompelekea chai alipokelewa na mkono tu, kama mfungwa. Starehe moja aliyojiruhusu ni kuifungulia njia folda ya mtihani ili aweze kuisoma pia kwa simu yake akiwa jikoni anakoroga mboga. Hakuiwekea neno la siri. Nyumbani ni nyumbani, alisema. Mlango wa nje una komeo mbili, nani atapita?

Kiberiti alijua nani atapita. Atapita yeyote anayetaka. Na alijua hivyo kwa sababu mlango uliokuwa na maana alikuwa ameung'oa yeye mwenyewe.

Ilikuwa Jumanne ya kwanza ya likizo. Aliingia katika mipangilio ya ruta, kile kisanduku chenye pembe mbili juu ya kabati la vyombo, akaubadilisha jina mtandao wa nyumbani ukawa Polisi Gari Na. 3, ili majirani wakifungua simu zao watetemeke kidogo. Walitetemeka. Yule bwana wa ghorofa ya pili anayeuza simu za asili isiyojulikana hakufungua duka siku mbili. Kisha, kwa kuwa rafiki yake Pilipili wa jengo la mkabala alikuwa anasahau neno la siri kila siku, Kiberiti aliliondoa kabisa. Na kwa kuwa mchezo wao wa mbio za magari ulikuwa unakwamakwama, alizima na kitu kingine kilichoitwa ukuta-moto, bila kujiuliza hata mara moja moto huo unatoka wapi.

Alijifuta mikono kwenye sketi. Akachukua simu yake, ambayo haikuwahi kupewa ruhusa yoyote na Mama, akatafuta. Folda ikajitokeza: MTIHANI – SIRI. Akaigusa. Haikumuuliza jina, haikumuuliza anataka nini. Ilifunguka kama mdomo.

Aliifunga upesi kama aliyeungua, akampigia mjomba wake, fundi wa kompyuta mwenye kibanda cha kazi nyuma ya soko.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umevunja nini?"

"Sijavunja kitu."

"Kiberiti, tangu uzaliwe hujawahi kunipigia simu ya salamu. Sema."

Alisema. Alianza kwa kujipunguzia, lakini woga ni msema kweli asiyezuilika, na baada ya sentensi tatu yote yalikuwa mezani.

"Kwa hiyo ulizima usimbaji," Mjomba alisema.

"Mimi niliondoa neno la siri tu."

"Ndiyo huo. Ukiwashwa, kila kinachopita hewani kinavurugwa, asiye na ufunguo akikidaka anaona takataka. Umeuzima, basi nyumba nzima inaongea kwa sauti dirishani. Na ukuta-moto?"

"Nao... mchezo ulikuwa unakwama."

Upande wa pili kilisikika kitu cha chuma kikiwekwa mezani taratibu. Mjomba alikuwa ameacha kazi ya mtu.

"Kuzima usimbaji kumewafungulia majirani," alisema. "Kuzima ukuta, mlinzi wa mlango wa nje, kumeifungulia dunia."

"Mjomba, usiniambie hivyo."

"Nikuambie vipi, kwa wimbo?"

"Nafunga sasa hivi."

"Usiguse. Ukifunga sasa, aliyemo atatoka na hutamjua milele. Mwizi akiwa ndani, mtazame uso kwanza. Ruta ina orodha ya kila kifaa kilichomo na kilichowahi kuwamo. Iandike yote kwa kalamu. Ukimaliza ndipo ufunge."

"Na akichapa tena?"

"Msome."

Kiberiti alikaa chini sakafuni, kompyuta yake ndogo ya shule magotini, daftari pembeni. Alipoingia ndani ya ruta iliyomtambua kwa jina la admin na neno la siri admin, vilevile kama ilivyonunuliwa, ndipo alipoelewa kuwa si lazima mtu awe na akili kumfanyia alivyowafanyia wengine. Orodha ilikuwa na vifaa vinane. Kompyuta ya Mama. Simu ya Mama. Simu yake Kiberiti na hii kompyuta vilikuwa cha tatu na cha nne, televisheni ya tano, na ya sita ndiyo printa. Ya saba simu ya Pilipili, aliyeipa jina Malkia wa Barabara. Alikuwa anaandika ya nane, Tableti ya Mkaguzi, na kujiuliza jina hilo amelisikia wapi, skrini ilipojiongeza mstari mwingine chini yake. Wa tisa. Huu haukuwa na jina, ni herufi na namba tupu, kama nambari ya gari lisilotaka kufuatwa.

Nyuma yake printa ikakohoa.

Hakugeuka. Alisikiliza karatasi ikivutwa, minong'ono ya kushoto na kulia, na akaendelea kuandika zile herufi na namba za mstari wa tisa kwa mwandiko ambao asingeutambua kesho yake. Alipomaliza ndipo alipotambaa hadi kwenye ukurasa.

"Swali la 31. Pembe haina kipimo. Nasubiri."

Ni hilo neno la mwisho lililomtoa machozi. Nasubiri. Wapi? Ngazini?

"Funga sasa," Mjomba alisema alipopigiwa tena, na akamwongoza hatua kwa hatua kwa sauti ya mtu anayemshusha mtoto mtini. Badilisha jina la kuingilia na neno lake la siri, lisiwe admin, wala tarehe ya kuzaliwa, wala jina la paka. Washa usimbaji, chagua ule mpya kuliko wote. Ufunguo uwe mrefu, maneno manne yasiyojuana. Washa ukuta. Zima ruhusa ya kuiendesha ruta kutoka mbali. Zima na kile kitufe kinachounganisha vifaa bila kuuliza. Toa hilo jina la kipuuzi.

"Ni jina tu, Mjomba."

"Toa."

Alitoa. Taa za ruta zikazimika zote, zikawaka moja moja. Kila mgeni alikuwa ametupwa nje. Nyumba ikawa kimya, na ukimya huo haukumsaidia hata kidogo, maana sasa aliyekuwa ndani yuko nje, na alichokisoma anacho.

Kisha akakumbuka Mkaguzi ni nani.

Wapangaji wote walimwita hivyo, hata wasiojua alikuwa mkaguzi wa nini. Mzee wa ghorofa ya chini, mkaguzi wa shule mstaafu. Aliwahi kupelekewa kadi ya mwaliko wa harusi akairudisha kwa wenyewe ikiwa na masahihisho ya wino mwekundu. Aliwahi kumshitaki mdogo wake wa tumbo moja, mwalimu mkuu, kwa kuongeza alama za wanafunzi. Mdogo wake akavuliwa cheo, na siku ya pili mzee akaenda kumjulia hali. Katika watu wote duniani ambao wangeweza kuuona mtihani wa Mama, huyu ndiye Kiberiti angemweka wa mwisho, chini ya majambazi.

Alishuka ngazi akihesabu vidato ili asihesabu mengine.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi, babu. Wa ghorofa ya tatu."

"Pita. Vua viatu. Simama hapo."

Alisimama hapo. Mkaguzi alikuwa mezani, shati limefungwa kifungo cha mwisho, miwani puani, tableti imeegemezwa kwenye kamusi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nimetuma kurasa mbili, na ya tatu imekataa kwenda. Wamekutuma uichukue kwa mkono?"

Kiberiti aliitazama ile tableti.

"Nilijua watarudi," mzee aliendelea, na uso wake ulikuwa na kitu kinachofanana na furaha. "Miaka thelathini na mmoja mitihani ilinifikia kwa gari la polisi. Askari wawili, sanduku, kufuli. Natia sahihi, nakagua, narudisha. Nilipostaafu hakuja mtu hata kuniuliza saa. Wiki hii mjukuu wangu kanifundisha kufungua mahali pa mitandao, nikaona wamefika. Polisi, gari namba tatu. Nikabonyeza. Ndani nikakuta sanduku, limeandikwa Mtihani, Siri. Nikasema, haya, dunia imekwenda mbele, siku hizi wanaleta kwa hewa. Nikakagua siku tatu. Mahali pa kurudishia niliona mashine moja tu ya kuchapa, nikarudisha hapo."

Siku nyingine, kwa maneno hayo, Kiberiti angecheka hadi shule zifunguliwe.

"Babu, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Gari namba tatu."

Alimweleza amesimama vilevile, macho kwenye vidole vya miguu yake. Alipofika mwisho, mzee alivua miwani.

"Kwa hiyo hakuna aliyeniita."

"Hapana, babu."

Mkaguzi aliitazama ile tableti kama mtu anayetazama kiti ambacho mgeni wake hatakikalia. Kisha Kiberiti akaona jambo ambalo hakulitegemea. Mzee aliifunika kalamu yake nyekundu na kuiweka kando.

"Nimesoma mtihani nisioruhusiwa," alisema. "Mimi."

"Umemwonyesha mtu?"

"Mtoto, unajua unamuuliza nani?" Alifungua mtoto wa meza kwa ufunguo uliokuwa shingoni mwake, akamwonyesha kurasa zilizochafuka wekundu, akafunga tena. "Hizi hazitoki humu ila kwa mkono wa mama yako. Sasa nijibu. Kama mimi mwenye macho haya niliingia bila kubisha hodi, nani mwingine kaingia?"

Kiberiti alimpa lile daftari la vifaa. Mzee akapitisha kidole kutoka juu hadi chini.

"Huyu wa mwisho?"

"Simjui."

"Alifungua sanduku?"

"Ruta haisemi."

"Basi mtihani umekufa," alisema taratibu, kama daktari anayetoka chumbani. "Mama yako anarudi lini?"

"Saa nane."

"Saa tisa nitaipigia simu kamati, nijishitaki. Sitamshitaki yeye. Lakini wataniuliza niliupataje, na mimi sijui kudanganya, sikujifunza nikiwa mdogo. Afadhali yeye awe ametangulia. Anayejitaja mwenyewe hukemewa. Anayetajwa hufukuzwa."

Kiberiti alipanda ngazi akiwa amebakiwa na muda wa saa tatu, na kwa saa hizo tatu akatunga uongo wa aina nne. Katika mmoja ruta ilipigwa na radi. Katika mwingine Pilipili alikuwa jasusi. Ulikuwa uongo mzuri, wenye kona zilizopigwa randa, na ungefaa bwenini. Lakini kila mmoja ulipofika kwenye ule mstari wa tisa ulikwama, kwa sababu mstari wa tisa ulikuwa mtu, mahali fulani, na huenda wakati huo alikuwa anauza swali la kumi na saba, lile lenye kosa, kwa watoto wa darasa la mwisho.

Mama alirudi saa nane kasoro tano, mkoba begani, amechangamka.

"Mia na thelathini kwa themanini na mbili," alisema. "Daktari kanisifu. Kasema niendelee hivihivi, nisishtuliwe."

"Mama, kaa kwanza."

"Nimekaa kliniki asubuhi nzima."

"Kaa, Mama."

Mama alimtazama binti yake, akaketi.

Kiberiti alizungumza dakika nne. Hakujipunguzia. Alimaliza, akangoja kelele, na kelele hazikuja.

"Tangu lini?"

"Jumanne ya wiki iliyopita."

"Siku kumi na moja." Mama alitoa hesabu hiyo papo hapo, kwa sauti ya darasani. "Na mmoja hujui ni nani."

"Simjui."

"Swali la kumi na saba nimelipitia mara nne."

"Bado lina kosa, Mama."

"Nyamaza."

Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Kosa gani?"

"Jibu halimo."

Mama alifumba macho, midomo ikicheza, akikokotoa. Alipoyafumbua alikuwa amezeeka kidogo. Akachukua simu.

Kiberiti alisikia upande mmoja tu. Ndiyo, Mwenyekiti. Hapana, Mwenyekiti, si tetesi, nimethibitisha. Siku kumi na moja. Wawili nawajua, mmoja simjui. Folda niliiacha wazi, uzembe ni wangu.

"Mama, mwambie ni mimi," Kiberiti alinong'ona.

Mama aliziba simu kwa kiganja. "Sahihi kwenye kile kiapo ni ya nani?"

Akarudi kwenye simu. Ndiyo, Mwenyekiti. Nitakuja.

Ruta ilichomolewa umeme ikawekwa juu ya kabati la nguo kama kitu chenye maradhi. Jumapili na Jumatatu Mama alitunga mtihani mpya ofisini kwa kamati, kwenye karatasi, watu wawili wakimtazama hata anapokunywa maji. Jumatano kamati ingekaa kumjadili. Siku hizo Kiberiti aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Alipokutana na watu ngazini aliwatazama simu zao. Yule muuza simu wa ghorofa ya pili alimsalimia kwa bashasha, naye akashindwa kuitikia. Msichana wa saluni alicheka akitazama kioo cha simu yake, na Kiberiti akapitisha mchana mzima akijiuliza alicheka nini. Kabla ya likizo ile yeye ndiye aliyekuwa akiwatisha watu wa jengo lile. Sasa kila mmoja wao alikuwa anaweza kuwa wa tisa.

Jumatano asubuhi Mkaguzi alipanda ngazi zote tatu amevaa koti, kurasa zake kwenye bahasha iliyofungwa kwa nta ya mshumaa, akasema atakwenda na Mama. Hakuna aliyemwomba. Waliondoka pamoja, na Kiberiti akabaki dirishani hadi jua likahama upande wa pili wa barabara.

Mama alirudi alasiri, akavua viatu, akaketi juu ya mkono wa kochi, mahali asipomruhusu mtu kuketi.

"Nimebaki na chaki," alisema.

Kiberiti alijaribu kupumua, akakuta inawezekana. "Na kutunga?"

"Kutunga nimeondolewa. Miaka mitano. Na barua ya onyo kwenye faili."

"Babu je?"

"Naye wamempa onyo la maandishi. Kalisoma, kalisahihisha makosa mawili, katia sahihi." Mama hakucheka, lakini mdomo ulisogea kidogo. "Mwenyekiti kaniambia, ungekuja baada ya mtu mwingine kusema, tungeongea lugha nyingine."

"Na yule wa tisa?"

"Hajulikani."

Kisha Mama alisimama, akaishusha ruta kutoka juu ya kabati, akaifuta vumbi kwa kanga yake, akaichomeka. Taa zikawaka moja moja.

"Nipigie mjomba wako. Halafu nipe simu mimi."

Mjomba alimweleza dada yake polepole, na Mama alirudia kila neno kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Kompyuta iliwekwa mezani. Kiberiti alisimama pembeni tayari kusaidia, kidole kimeshanyooka, kwa kuwa alikuwa anajua kila kitu kiko wapi.

"Ukuta umewaka," Mama alisema. "Usimbaji, ule mpya. Ndiyo, nimeuona. Sasa ufunguo." Akainua kichwa. "Geuka."

"Mama?"

"Geuka utazame ukuta."

Kiberiti aligeuka. Rangi ya ukuta ilikuwa imechunika kidogo karibu na swichi. Nyuma yake vidole vya Mama vilianza kubonyeza, kimoja kimoja, vya mtu asiyezoea, na kila mbonyezo ulisikika wazi katika sebule ile. Vilienda kwa muda mrefu. Vikasimama.

"Umehesabu?"

"Hapana, Mama."

Mara kitufe kimoja kikabonyezwa na kushikiliwa, hadi kila kitu kilichoandikwa kikafutika.

"Haya," Mama alisema. "Sasa ziba na masikio."

Akaziba.